Tupeane uzoefu: dozi ya presha, kuongeza siyo kama kuongeza chumvi

Mleta mada, Nyegezi
Wakuu, "dawa hainishushii" tumeichoka. Leteni miligramu na sababu. Naanza na amlodipini kwa kuwa ndiyo iliyojaa mifukoni: huanzwa miligramu 5 kwa siku, mwisho 10, na mzee dhaifu huanzwa 2.5. Inatoka mwilini taratibu sana, hivyo nguvu yake hujaa baada ya siku 7 au 8. Anayepima siku ya tatu, akakuta 160/95 na kujiongezea kidonge, kaihukumu dawa kabla haijafika. Wiki 2 hadi 4 ndipo dozi ijadiliwe na aliyekuandikia.

Mfamasia, Kirumba
Na ukitoka 5 kwenda 10, presha haishuki mara mbili. Nusu tu ya dozi ya kawaida hufanya kama asilimia 80 ya kazi yote. Kinachopanda kwa kasi ni maudhi: vifundo vya miguu vinajaa, viatu vya asubuhi jioni havivaliki. Hapo mtu hukimbilia vidonge vya kukojosha, na uvimbe unabaki palepale, kwa sababu mwili haujazidiwa maji. Mishipa midogo inayoleta damu imefunguka, inayoirudisha haijafunguka kiasi hicho, maji yanavujia miguuni. Mara nyingi daktari humrudisha kwenye 5 na kumwongezea losartani 50, dawa nyingine ya presha, inayofungua na huo upande wa pili. Dawa mbili kwa dozi ndogo huishinda moja iliyosukumwa hadi mwisho. Bendrofluazidi, dawa ya presha ya kukojosha, vilevile: ukipita 2.5 presha haiongezi kushuka, ila madini ya potasiamu yanapotea.

Nesi, Igoma
Kabla ya kulaumu dozi, laumuni kipimo. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unatoa namba kubwa ya uongo. Kaa dakika 5, mgongo umeegemea, mkono mezani usawa wa moyo, kibofu kitupu, mdomo umefungwa. Pima mara 2, ukiacha dakika 1 katikati.

Halafu kayabo! Sangara aliyekaushwa kwa chumvi hiyo anakula kazi ya kidonge kizima. Mloweke, mwaga maji, mloweke tena, na mchuzi usiukoleze chumvi nyingine. Na wabeba mizigo wa mwaloni, samaki wanakoshushwa, wanaomeza diklofenaki (dawa ya maumivu) kila jioni kwa ajili ya mgongo: inazuia chumvi na maji mwilini, presha inapanda. Ikikutana na losartani pamoja na dawa ya kukojosha, figo ndizo zinazolipa.

Muulizaji, Buzuruga
Nimeandikiwa 5, duka lina 10 tu. Nikate?

Mfamasia, Kirumba
Amlodipini ya kawaida yenye mstari katikati, kata, hakuna shida. Nifedipini ya kuachia taratibu usikate, usitafune, usisage. Dawa ya saa 12 au 24 inamwagika kwa mkupuo: presha inaporomoka, moyo unakwenda mbio, mtu anaanguka.

Mhudumu wa afya, Ukerewe
Huku dozi inaharibiwa na kalenda ya mwezi. Mvuvi wa dagaa anaingia kambini giza la mwezi likianza, anarudi mbalamwezi ikijaa, na vidonge 14 mfukoni. Beba 30, ndani ya chupa inayofunga vizuri. Mtumbwini kila kitu kinalowa. Ukiruka amlodipini siku moja haitakuangusha, ila kesho usimeze 2 kufidia. Atenololi, dawa nyingine ya presha, ndiyo ya kuogopa: ukiikata ghafla mapigo yanapanda, na mwenye moyo mbovu anaweza kubanwa kifua hukohuko kisiwani. Huachwa kwa kupunguzwa kidogokidogo, kwa mpango wa daktari.

Nesi, Igoma
Nilisahau kina mama. Losartani na enalapili hazitumiki kwenye ujauzito, hata kwa dozi ndogo; zinaharibu figo za mtoto tumboni. Ukichelewa siku zako, nenda kliniki wiki hiyohiyo ubadilishiwe. Kwa kawaida hupewa methildopa 250, mara 2 au 3 kwa siku. Usikae bure kusubiri tarehe ya kliniki.