Daktari aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB) azuiwe kwenda Uingereza?

Mwanakwetu77: Wadau, mtu kakopeshwa miaka 5 ya udaktari, kamaliza utarajali (mwaka wa mazoezi hospitalini), anakimbilia PLAB, mtihani wa madaktari wa nje wanaotaka kufanya kazi Uingereza. Asipewe karatasi zake mpaka atumikie wilayani miaka 5. Isitoshe Tanzania ipo kwenye orodha nyekundu ya nchi zenye uhaba wa wahudumu wa afya, Waingereza wenyewe hawaruhusiwi kuwachukua. Na hiyo PLAB 2, sehemu ya vitendo, ni maigizo tu, mgonjwa feki anaulizwa habari za nyumbani.

Kipimajoto: Maigizo? Mkuu, unadharau kazi za watu. Ni vituo 16 pale Manchester, kila kimoja dakika 8, na sekunde 90 za kusoma maelezo kabla ya kuingia. Unapimwa ulivyokusanya historia, ulivyopanga matibabu na ulivyoongea na mgonjwa. Mama kaja na uvimbe kwenye titi, mtahiniwa anarukia "tutakata kinyama tupime", hajamuuliza anahofia nini. Hapo mtu anaanguka na dawa zote anazijua.

Binti wa Pangani: Wodi ina wagonjwa 60 na daktari mmoja, huo muda wa kuuliza hofu utatoka wapi? Acheni kuwasema madaktari wetu hawajui kuongea.

Kipimajoto: Dada, nimesema hivyo wapi? Nimeeleza mtihani unavyosahihishwa.

Mzee wa Faili: Mwanakwetu, orodha nyekundu inazuia waajiri na mawakala kuja kusaka watu huku. Mtu akiomba mwenyewe nafasi iliyotangazwa, ruksa. Kinachoweza kumkwamisha ni cheti cha mwenendo mwema wa kitaaluma kutoka Baraza la Madaktari Tanganyika, maana GMC, baraza la madaktari la Uingereza, lazima wakione. Lakini kukitumia kama kufuli ni uonevu. Mkopo unakatwa 15% ya mshahara. Asiye na ajira mtamkata nini?

Kingine, wengi wanakwama kwenye barua ya utarajali. GMC wanataka miezi 12, ndani yake angalau 3 ya tiba ya ndani na 3 ya upasuaji. Barua iandike kila idara na tarehe zake. "Alimaliza vizuri" haitoshi. Na IELTS ya Academic, mtihani wa Kiingereza, ni 7.5 kwa jumla, 7 kila eneo. Ukipata 6.5 ya kuandika, jumla hata iwe 8 haikusaidii.

Mwanakwetu77: Uonevu ni mama wa Kibondo kukosa daktari!

Binti wa Pangani: Madaktari wako mtaani wanasubiri vibali vya ajira. Manchester inahusikaje?

Ngalawa: Uingereza kwenyewe kumebana. Mpango wao wa afya wa miaka 10, Julai 2025, umesema nafasi za mafunzo waanze wahitimu wao. Bora Marekani. Ila kwenye USMLE, mtihani wao wa leseni ya udaktari, tangu 2022 hatua ya kwanza (Step 1) ni kufaulu au kufeli tu, kwa hiyo alama watakazokuangalia ni za hatua ya pili (Step 2 CK).

Kipimajoto: Na viza ya J-1, ya kwenda kwenye mafunzo Marekani? Wizara ya Afya ya kwenu lazima iandike barua kwamba nchi inahitaji utaalamu huo, na ukimaliza unarudi miaka 2.

Ngalawa: Msamaha wa kutorudi upo. Kila jimbo lina nafasi 30 kwa mwaka, unatumikia miaka 3 kwenye eneo lenye uhaba wa madaktari.

Mwanakwetu77: Kumbe! Miaka 3 vijijini kwa Wamarekani mnaikubali, 5 Kibondo mnaita uonevu. Nijibuni hilo.

Binti wa Pangani: Kule anatumikia akiwa na mkataba na mshahara. Wewe toa ajira kwanza, ndipo uje na masharti.