Mjadala: Haki ya maji iingie kwenye Katiba mpya, au tuanze na mlango wa mahakama?

Mwanga, Kigoma: Ibara ya 7(2) ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inasema malengo ya taifa yaliyo katika ibara ya 6 hadi 11 hayatiliwi nguvu na mahakama yoyote. Elimu na kazi zimewekwa humo, ibara ya 11. Kenya mwaka 2010 waliweka maji, afya na chakula kwenye ibara ya 43, na mwananchi anaweza kushtaki. Nasi tuandike hivyo.

Isevya, Tabora: Mkuu, orodha siyo shida yetu. Haki ziliingia kwa marekebisho ya 1984, lakini kuzidai mahakamani kukasubirishwa hadi Machi 1988. Na leo? Unapita kwenye Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, Sura ya 3 ya sheria za nchi. Mwaka 2020 Bunge liliongeza humo sharti la kuambatanisha hati ya kiapo kuonyesha wewe binafsi umeathirikaje. Ulitakiwa uthibitishe pia huna njia nyingine ya kupata nafuu. Ukikwama hapo, shauri lilitupwa kabla hoja yenyewe haijaguswa. Kwa sharti hilo, kisima cha kijiji kikichafuliwa, asasi yenye wanasheria isingeweza kwenda kwa niaba ya kijiji. Aape mkulima wa tumbaku ambaye nauli ya kufika Mahakama Kuu tu ni mtihani. Wakati ibara ya 26(2) ya Katiba yetu inampa *kila mtu* haki ya kuitetea Katiba!

Kasulu: Bila kiapo, kila mwanasiasa atafungua kesi. Halafu maji ni bomba, pampu na bajeti. Jaji apange bajeti?

Mwanga, Kigoma: Hapangi. Soma ibara ya 20(5) ya Kenya: Serikali ikisema haina fedha, ni juu yake kuthibitisha, na mahakama haiingilii mgawo wa fedha kwa sababu tu ingeamua tofauti. Sentensi hizo mbili tuziige.

Isevya, Tabora: Sawa, ila angalieni na mkia. Ibara ya 14 ya Katiba yetu, haki ya kuishi, inaishia na "kwa mujibu wa sheria". Ya 24, mali, hivyo hivyo. Ibara ya 30(2) inaruhusu sheria kubana haki kwa ajili ya usalama, maadili, hata mipango ya miji na vijiji. Kapu hilo halina kitako. Rasimu ya Katiba mpya iseme: kizuizi kiwe kwenye sheria inayotaja haki inayobanwa, kiwe na uwiano na lengo, na pasiwe na njia nyepesi zaidi.

Kasulu: Hiyo Sura ya 3 ni sheria ya kawaida, kuibadili hakuhitaji theluthi mbili ya wabunge. Bunge likitaka linaifungua kikao kijacho. Katiba mpya ya nini?

Isevya, Tabora: Na 2020 ilibanwa kwa wingi huo huo wa kawaida, ndugu yangu. Ndiyo maana nataka nani anaruhusiwa kushtaki iandikwe ndani ya Katiba, kama ibara ya 22 ya Kenya: mwenyewe, kundi, au mtu kwa maslahi ya umma.

Mwanga, Kigoma: Naunga mkono. Iwe ibara ya kwanza ya sura ya haki. Lakini maji siyatoi.