Kiboksi cha kufuatilia gari kinajizima kila stata ikipigwa, nishaurini

NaziMbata:
Asalaam aleikum wakuu. Kaka yangu ana pikapu tatu zinazoleta maembe na nazi kutoka Kwale hadi soko la Kongowea. Nimemtengenezea kiboksi cha kufuatilia magari: kuna GPS, moduli ya simu na kompyuta ndogo. Vyote vinatumia volti 5, na vikituma data vinavuta kama ampea 1. Umeme wa gari naushusha kwa LM2596, chipu ya konveta ya kushusha volti, na mbele yake nimeweka dayodi ya 1N4007 inayopitisha umeme upande mmoja tu, maana mafundi wetu mnawajua, chanya na hasi kwao ni ndugu.

Mezani kilikaa siku nne bila kukohoa. Garini, kila dereva akipiga stata, kinazima na kuanza upya. Na feri ya Likoni ndiyo hiyo, ukipanda unazima injini, ukifika ng'ambo unawasha. Kwa hivyo kwenye ramani gari linapotea likiwa majini, kisha linaibuka katikati ya mji. Kaka ameniuliza kama siku hizi pikapu zake zinaogelea.

Nibadilishe chipu au niongeze kapasita ya kuhifadhi umeme kidogo?

TaaYaPembeni:
Tia kapasita ya mikrofaradi 2200 pale umeme unapoingia, mambo yaishe. Redio yangu nilifanya hivyo.

FundiWaMajengo:
Shekhe, tupige hesabu kwanza. Mzigo ni wati 5. Ukiongeza upotevu wa hiyo LM2596, sema unavuta wati 6 na kitu. Kapasita ya 2200 ikishuka kutoka volti 12 hadi 7 inatoa kama joule 0.1. Hiyo inakubeba milisekunde 16 hivi. Stata ya gari zee inasaga sekunde nzima, wakati mwingine tatu. Kwa sekunde moja tu utahitaji zaidi ya mikrofaradi 130,000, na hiyo ni chupa ya soda, si kapasita. Na hata hiyo ndogo ukiiweka kabla ya dayodi, stata itainyonya pamoja na betri.

Sasa shida yenyewe. Konveta ya kushusha haiwezi kutoa volti nyingi kuliko inazopokea, na hata hizo inazopokea haitoi zote. Anza na 5 unazotaka, rudi nyuma ukielekea betri. Koili inakula sehemu ya kumi ya volti. Swichi ya ndani ya LM2596 ni transista za mtindo wa zamani, inakula karibu volti 1. Dayodi yako ya silikoni inakula 0.9 hivi kwa ampea 1. Umeshafika 7, na waya hatujaugusa. Betri iliyochoka ikipigwa stata inashuka 7 au chini yake bila aibu. Kipimo cha kimataifa cha umeme wa magari, ISO 16750-2, kina ngazi inayoshuka hadi volti 4.5 kwa milisekunde 15, halafu inakaa 6.5 wakati injini inazungushwa. Hapo chipu yako haina la kufanya.

Jambo jingine ambalo wengi hulisahau: volti zikishuka, konveta huvuta ampea zaidi ili wati zitimie. Volti zikiwa nusu, ampea ni karibu mara mbili. Waya mwembamba unapoteza zaidi wakati ule ule usiotaka upoteze.

BintiMakupa:
Kabla hujanunua chochote, umechukua umeme wapi? Kama ni waya wa redio, gari nyingi huukata kabisa ufunguo ukifika kwenye stata. Hapo huna volti 6, una sifuri, na hakuna konveta duniani itakayokusaidia.

Mita ya kawaida usiiamini, ni ya polepole kuliko tukio lenyewe. Tumia oskiloskopu, au mita yenye kushika kiwango cha chini kabisa. Pima sehemu mbili: kwenye vichwa vya betri na kwenye mlango wa kiboksi.

NaziMbata:
Nimerudi, mikono ina grisi.

Pikapu ya kwanza: BintiMakupa umenilenga. Fundi alichukua waya wa redio, unafika sifuri kabisa. Nimeuhamishia betri moja kwa moja na fyuzi ya ampea 2 karibu na kichwa chake. Imepona.

Ya pili na ya tatu ziko sawa kwa waya, lakini betri inashuka 7.6, na kwenye kiboksi naona 6.4. Kichwa cha hasi kilikuwa kimeota unga wa kijani, chumvi ya bahari hii haina huruma. Nimekwangua, nimekaza, nimeweka waya mnene, na hasi nimeitoa betri badala ya bodi ya gari. Sasa kiboksi kinaona 7.3. Asubuhi inapita, ila jioni gari ya pili imezima tena.

FundiWaMajengo:
7.3 na hitaji lako ni 7, unatembea ukingoni. Toa hiyo dayodi, weka transista ya P ya kuzuia umeme uliogeuzwa, unarudisha karibu volti nzima. Angalia tu geti lake, yaani mguu unaoiwasha, lifunguke vizuri hata kwenye volti 6, si zote zinafaa.

Kisha chipu. Tafuta yenye swichi ya MOSFET, transista ya kisasa isiyokula volti nyingi, inayoweza kukaa wazi, yaani ikipitisha umeme, asilimia 100 ya muda. Zile zenye MOSFET ya aina ya N upande wa chanya zina kapasita ndogo ya kuinua geti, na hiyo hujazwa swichi ikijifunga, kwa hivyo lazima ijifunge kidogo kila mara. Nzuri hupunguza kasi yake ili kufunga kuwe nadra. Kwenye karatasi ya maelezo ya chipu soma ukurasa wa volti ndogo, usisome ule wa kwanza wenye sifa.

Ukitaka kulala usingizi, jenga konveta ya aina ya SEPIC, kwa mfano na LM3478, inayofanya kazi kuanzia karibu volti 3. Inashusha na kupandisha. Ufanisi unapungua kidogo, lakini kwa wati 5 nani anahesabu? Na usisahau TVS, dayodi ya kukata volti za ghafla, maana betri ikichomoka injini ikizunguka, alteneta hutupa makumi ya volti.

TaaYaPembeni:
Kwa hivyo 2200 yangu haifai kabisa?

BintiMakupa:
Inafaa, ikiwa nyuma ya kizuizi. Zile milisekunde 15 za mwanzo ni zake. Mbeleko yenyewe ndiyo hii SEPIC.

NaziMbata:
LM3478 nimeagiza. Kaka nimemwambia gari ya pili bado itaogelea hadi wiki ijayo.