Namuundia rafiki kompyuta ya gemu kwa bajeti ndogo, nirekebishe wapi?

Kijiti_Mbili
Wakuu, salaam. Rafiki yangu amenikabidhi kazi ya kumuundia kompyuta ya kuchezea gemu. Skrini anayo tayari, 1080p ya 144Hz. Anacheza Fortnite, GTA V na gemu za mpira. Bajeti imebana, na orodha niliyopanga ni hii: prosesa Ryzen 5 5600G, mazabodi (ubao mkuu) ya B450, RAM ya DDR4 16GB kijiti kimoja (kasi ya 2666), kadi ya michoro RX 6500 XT ya 4GB, SSD ya SATA 500GB, na pawasaplai ya "650W" inayouzwa pamoja na kesi. Hakuna nilichonunua bado. Kuna kosa hapo? Na kwenye kufunga nijihadhari na nini?

Nyaya_na_Skrubu
Mkuu, afadhali umeuliza kabla ya kununua. Vipande vyenyewe si vibovu kimoja kimoja, tatizo ni kuviweka pamoja.

RX 6500 XT inatumia njia 4 tu za PCIe, yaani ule mlango wa mazabodi unaochomekwa kadi. Kwenye PCIe 4.0 njia hizo hupitisha takriban 8GB kwa sekunde, lakini kwenye 3.0 hubaki nusu, kama 4GB. Sasa 5600G ni ya PCIe 3.0, na B450 nayo ni 3.0. Gemu ikishajaza ile memori ya 4GB ya kadi, inaanza kuchota data kwenye RAM ya kawaida kupitia mlango huohuo mwembamba. Hapo ndipo gemu inapokwamakwama, hata kama fremu zinasomeka nyingi.

Halafu 5600G ina michoro ya ndani ambayo hutaitumia ukishaweka kadi, na kache yake ya L3 (memori ndogo ya kasi ndani ya prosesa) ni 16MB. Ryzen 5 5600 isiyo na G ina kori 6 zilezile, lakini kache ni 32MB, na gemu zinaipenda sana kache. Chukua hiyo, kisha kadi iwe RX 6600 ya 8GB. Hiyo inatumia njia 8, kwa hiyo hata ikikaa kwenye B450 hasara ni ndogo. B550 ni bora, ila kama fedha inatosha kupandisha kitu kimoja tu, pandisha kadi, mazabodi iache.

RAM: 8GB mbili za 3200, usinunue kijiti kimoja cha 16GB. Kijiti kimoja cha 2666 kinapitisha kama 21GB kwa sekunde, viwili vya 3200 vinafika 51. Ukiokoa hapo, prosesa nzuri inakaa inasubiri data.

SSD ya 500GB itajaa upesi, maana GTA V peke yake inazidi 100GB. Tafuta NVMe (SSD yenye kasi kuliko SATA) ya 1TB. Angalia neno NVMe kwenye maelezo, kwa sababu kuna SSD za M.2 zenye umbo lilelile ambazo ndani ni SATA.

Volti12
Naongezea kwenye pawasaplai, maana ndiyo inayonitia hofu zaidi katika orodha yote. Usisome namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Soma lebo ya pembeni, mstari wa +12V, kisha zidisha ampea kwa 12. Ukikuta 25A, hiyo ni 300W, hata kama mbele wameandika 650. Prosesa na kadi vyote vinakula kwenye mstari huo.

Ukipiga hesabu, 5600 inafika kama 76W ikibanwa, RX 6600 ni 132W, feni, SSD na mazabodi weka 50W. Jumla haifiki 300W. Kwa hiyo 500W au 550W ya kampuni inayoeleweka, yenye dhamana ya miaka kadhaa, inatosha kabisa na akiba inabaki. Pawasaplai dhaifu haifi siku ya kwanza. Kompyuta itajizima katikati ya mechi kadi inapovuta umeme ghafla, na mtu atahangaika na draiva wiki nzima bure.

Jambo jingine: waya wa prosesa (pini 4+4) na wa kadi (6+2) vinafanana, lakini havibadilishani. Usilazimishe. Na kama pawasaplai ni ya waya za kuchomoa, tumia zilizokuja nayo tu. Mpangilio wa pini upande wa pawasaplai hutofautiana, na waya wa kuazima unaweza kuunguza SSD au mazabodi.

Fundi_Taratibu
Upande wa kufunga.

Kabla ya yote, BIOS, yaani programu ya msingi ya mazabodi. B450 nyingi zilitoka kiwandani kabla ya Ryzen 5000, na zisiposasishwa zinawaka feni bila picha. Mwombe muuzaji aisasishe, au chagua mazabodi yenye kitufe cha BIOS Flashback. Hapo unahitaji flashi ya FAT32 yenye faili la BIOS na umeme tu, hata prosesa si lazima iwepo.

Prosesa za AM4 zina pini chini yake. Linganisha pembetatu ya dhahabu na ile ya kwenye soketi, iache ijiangukie yenyewe, usiibonyeze. Kipoza joto kinachokuja na 5600 ni cha skrubu nne, kwa hiyo fungua kwanza vile vipande viwili vya plastiki juu ya mazabodi. Shikilia bamba la nyuma, litadondoka. Kaza skrubu kwa mshazari, kidogokidogo. Pesti ya joto imeshapakwa, usiongeze nyingine.

Kama mazabodi ina matundu manne ya RAM, zikae la pili na la nne kuanzia kwenye prosesa. Kisha washa kila kitu juu ya boksi la mazabodi kabla ya kukiingiza kwenye kesi. Kosa likiwepo utaliona hapo bila kufungua skrubu ishirini.

Ndani ya kesi, hesabu vile vijiguu vya shaba vinavyoinua mazabodi. Kila kimoja kiwe chini ya tundu la skrubu. Kikibaki kimoja mahali pasipo na tundu, kinagusa mgongo wa mazabodi na kupiga shoti.

HDMI au DisplayPort ichomekwe kwenye kadi, kamwe si kwenye mazabodi, kwani 5600 haina michoro ya ndani. Kioo kikibaki cheusi dakika moja au mbili mara ya kwanza, subiri. RAM inapimwa.

Kijiti_Mbili
Asanteni sana. Nabadilisha vyote mlivyotaja. RX 6600 naipata iliyotumika. Niipimeje?

Nyaya_na_Skrubu
Ifungue kwa GPU-Z (programu inayosoma sifa za kadi) mbele ya muuzaji. Lazima isome 8GB za GDDR6, 128 bit, na shader 1792. Zikipungua, si hiyo. Kisha iendeshe FurMark, programu ya kuibana kadi, dakika 20. Tazama joto la hotspot (sehemu yenye joto zaidi ya chipu), likikaribia nyuzi 110 pesti imekauka au feni imechoka. Sikiliza feni zote, na uangalie kama kuna vidoadoa vya rangi kwenye picha. Vikitokea hata mara moja, iache, hiyo ni memori inakufa na hairekebishiki kwa draiva.

Fundi_Taratibu
Na kabla hujamkabidhi, ingia BIOS uwashe XMP (mpangilio wa kasi kamili ya RAM), la sivyo RAM ya 3200 huenda ikabaki kasi ya chini, kama 2133 au 2400. Kwenye Windows weka skrini 144Hz kwa mkono, maana mara nyingi huanza na 60. Tumia DisplayPort, HDMI ya skrini za zamani huenda isifike 144.