Naomba ushauri: nyimbo kumi nilizozigundua mwaka huu, na karibu zote ni za zamani

Sikio Wazi

Habari zenu wakuu.

Mimi na marafiki zangu tuna utaratibu wetu. Mwaka ukielekea ukingoni, kila mmoja anawatumia wenzake nyimbo kumi alizozigundua ndani ya mwaka huo. Kumi tu, kwa sababu zikizidi watu hawasikilizi, wanapitia juu juu. Tunapeana wiki ya kusikiliza kwa utulivu, halafu tunapigiana simu kujadili wimbo mmoja mmoja. Nauthamini sana mchezo huu, na safari hii nimekwama.

Ninazozipenda zaidi zimetoka kabla sijazaliwa. Rafiki yangu mmoja anasema huko siyo kugundua, ni kufukua makaburi, na kwamba orodha ya mwaka iwe na nyimbo zilizotoka mwaka huo. Mimi naona wimbo ambao sikuwahi kuusikia ni mpya kwangu hata kama ulirekodiwa 1964. Ila na yeye ana hoja nzito: wasanii wa leo wanaishi kwa masikio ya leo.

Hizi ndizo ambazo sitaki kuziacha.

"The Homeless Wanderer" wa Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou. Huyu mama alikuwa mtawa wa Ethiopia, akafariki Yerusalemu mwaka 2023 akiwa na miaka 99. Ni piano peke yake. Mkono wa kushoto unatembea taratibu, wa kulia unachelewa makusudi, unatetemesha noti mbili zilizo jirani, kisha unateremka haraka na kusimama mahali usipotarajia. Huwezi kuupigia mguu, kwa maana mwendo wenyewe unavutika na kulegea kila wakati. Mwanzoni nilidhani ni mtu anajaribu kinanda tu. Kidogo nikaacha nilichokuwa nakifanya, nikakaa kitako.

"Sodade" wa Cesária Évora, mwimbaji wa Cape Verde, kutoka albamu ya *Miss Perfumado* ya 1992. Anaimba kuhusu safari ndefu ya kwenda São Tomé bila kupandisha sauti hata mara moja, na ndiyo maana inauma.

"Cais" wa Milton Nascimento wa Brazil, uliomo kwenye *Clube da Esquina* (1972). "Plastic Love" wa Mariya Takeuchi wa Japani (1984). "Mario" wa Franco na TPOK Jazz (1985), ambao nimekua nikiusikia ukipita, lakini mwaka huu ndipo nilipokaa nikausikiliza wote, magita na vyote.

Na "Enta Omri" wa Umm Kulthum, yule mwimbaji wa Misri. Hapa ndipo penye kazi. Rekodi niliyonayo inakaribia saa nzima! Nikiiweka, imemeza orodha yote. Nisipoiweka, nitakuwa nimewadanganya wenzangu kuhusu mwaka wangu ulivyokuwa.

Kwa hiyo naomba msaada: za zamani zihesabiwe au zisihesabiwe? Hiyo ya Umm Kulthum niifanyeje? Nafasi nne zilizobaki nizijaze na nini? Na nizipangeje zisigongane?

Mwana Kaseti

Mkuu, hesabu zote na usiombe radhi.

Mwaka 1985 Hailu Mergia, mpiga vinanda wa Ethiopia aliyetoka Walias Band, alirekodi kaseti ya ala tupu: akodiani, vinanda vya umeme na mashine ya ngoma. Kaseti ile ikatolewa upya mwaka 2013 na lebo ya Awesome Tapes From Africa. Wengi wetu nje ya Ethiopia ndipo tulipoisikia kwa mara ya kwanza, karibu miaka 30 baadaye. Muda wote huo mzee alikuwa Marekani, anaendesha teksi Washington. Baada ya kaseti kutolewa upya akarudi jukwaani, na mwaka 2018 akatoa albamu mpya, *Lala Belu*. Sasa aliyemgundua 2013 alikuwa anafukua kaburi la nani? Masikio yaliyochelewa ndiyo yaliyomrudisha mtu kazini akiwa hai.

Huyo Takeuchi uliyemtaja naye hivyo hivyo. Wimbo ni wa 1984, lakini nje ya Japani ulienea zaidi ya miaka 30 baadaye, baada ya YouTube kuanza kuusukumia watu ambao hata hawakuutafuta. Na "Running Up That Hill" wa Kate Bush, wa 1985, ulishika namba moja Uingereza mwaka 2022. Ulipotoka uliishia namba tatu.

Unachodaiwa ni uwazi tu. Mbele ya kila wimbo andika mwaka uliotoka na namna ulivyokufikia. Nilipoanza kufanya hivyo na watu wangu, mabishano ya upya na ukale yalikufa yenyewe, tukawa tunazungumzia muziki.

Nafasi moja mpe Mergia. Jaribu "Shemonmuanaye".

Ridhimu

Mimi nasimama na rafiki yako, ingawa siyo kwa asilimia mia.

Orodha ya za zamani tupu ina hatari moja. Nyimbo hizo zimeshachujwa na watu wengine miaka mingi kabla yako. Mtu wa lebo alichagua, mwandishi akasifia, mfumo wa mapendekezo ukakuletea. Ukisikiliza kitu kilichotoka juzi unachuja mwenyewe, na sikio linakua kwa kazi hiyo. Kwa hiyo nafasi zilizobaki zipe wanaofanya kazi sasa.

Kwa mtu aliyempenda Emahoy, ningemtuma moja kwa moja kwa Arooj Aftab, "Mohabbat", wa 2021. Ni ghazal, yaani shairi la mapenzi la Kiurdu, ambalo Mehdi Hassan, mwimbaji wa Pakistani, alishaliimba zamani; Aftab akalipunguzia mwendo, akalizungushia gita na kinubi. Mwaka 2022 wimbo huo ulimpa tuzo ya Grammy, na akawa Mpakistani wa kwanza kuipata. Halafu baada ya utulivu huo weka Mdou Moctar wa Niger, "Funeral for Justice" (2024). Gita linaunguruma tangu sekunde ya kwanza, na anachokiimba ni hasira ya kweli kwa viongozi wa Afrika.

Najua hizo nazo siyo za mwaka huu. Ila ukizinunua leo, fedha inamfikia mtu ambaye kesho anaingia studio.

Sikio Wazi

Ridhimu, hilo la kuchujiwa sikuwa nimelifikiria na limeniingia. Kweli "Plastic Love" sikuutafuta, ulinijia. Mergia na Aftab nimeshaanza kuwasikiliza. Mdou Moctar nitamsubirisha hadi jioni, huyo anataka spika za maana.

Bado Umm Kulthum.

Mpenda Udi

Ndugu yangu, usithubutu kuukata katikati.

Kwanza uelewe ulichokishika. Umm Kulthum na Mohammed Abdel Wahab walikuwa majina makubwa ya muziki wa Misri kwa miongo kadhaa, kila mmoja na njia yake, na hawakuwahi kufanya wimbo pamoja hadi huu wa 1964. Watu wakauita mkutano wa mawingu. Abdel Wahab akaja na gita la umeme ndani ya okestra ya fidla na kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu), jambo lililowashtua wengi, na akautungia utangulizi mrefu wa ala ambao leo hii unapigwa peke yake kama wimbo kamili.

Pili, urefu ule haujatokana na maneno kuwa mengi. Unatokana na ukumbi. Umm Kulthum anaimba mstari, watu wanapiga kelele za kuomba zaidi, anaurudia. Ukisikiliza vizuri, harudii vilevile: safari hii anaegemea neno la kwanza, safari inayofuata analiruka na kulivuta la mwisho, nyingine anashuka chini kabisa hadi unasikia pumzi. Wenye masikio ya taarabu watauelewa huo mchezo mara moja. Ukitafuta rekodi fupi unapata wimbo, lakini kule kuulizana na kujibizana na wasikilizaji kunapotea, na hicho ndicho naamini kilichokukamata.

Ushauri wangu: uweke wa mwisho kabisa, namba kumi. Waandikie wenzako kwamba wakitaka wasimame pale anapomaliza mstari wa kwanza, maana hapo utangulizi wote umeshapita na mlango umeshafunguliwa. Atakayeendelea, ataendelea kwa hiari yake. Ukiuweka katikati utawaua waliofuata.

Na uwatumie rekodi ileile uliyoisikiliza wewe. Aliuimba kwenye maonyesho mengi na kila onyesho lina mambo yake.

Besi Nzito

Mpenda Udi kamaliza hilo. Mimi nizungumzie mpangilio na namna ya kutafuta, kwa sababu naona swali la nne mmeliruka.

Mpangilio. Usipange kwa kuangalia majina kwenye karatasi. Chukua sekunde 20 za mwisho za wimbo mmoja uziunganishe na 20 za mwanzo za unaofuata, usikilize maungio tu. "Plastic Love" unaingia na besi na ngoma, unamchukua mtu haraka, kwa hiyo anza nao. Emahoy usimweke jirani na "Sodade", zote mbili zinaomba ukimya na zitaibiana. Mdou Moctar asimfuate Emahoy hata kidogo, ila akimtangulia inapendeza: kelele inakatika, piano inabaki yenyewe.

Halafu kiwango cha sauti. Rekodi za zamani mara nyingi ziko chini kuliko za sasa, na msikilizaji akilazimika kupandisha na kushusha kila dakika nne anachoka. Programu nyingi za muziki zina sehemu ya kusawazisha sauti kwenye mipangilio. Waambie waiwashe.

Sasa kutafuta. Hoja ya Ridhimu ya kuchujiwa ina dawa, nayo ni kusoma majina ya nyuma ya albamu. Umempenda Nascimento? Mfuate kwa Wayne Shorter, *Native Dancer* ya 1975, mpiga saksofoni wa Marekani aliyemwita Milton waimbe na kupiga pamoja. "Sodade" umeupenda? Bonga wa Angola aliurekodi mwaka 1974, miaka mingi kabla ya Cesária, kwa sauti ya mikwaruzo inayougeuza kabisa. Na mtunzi wake, Armando Zeferino Soares, alichelewa sana kutambuliwa, kwa muda mrefu wimbo uliandikwa majina ya watu wengine. Mambo kama hayo hayaletwi na mfumo wa mapendekezo. Unayapata kwa kuuliza nani kapiga, nani katunga.

Swali moja. "Cais" umeishia hapo hapo au umesikiliza albamu nzima?

Sikio Wazi

Nimesikiliza "Cais" tu, mkuu. Uliletwa kwangu peke yake.

Besi Nzito

Basi usiamue chochote kabla ya kufanya hili leo. Unakumbuka pale mwishoni sauti inapokwisha, inabaki piano inazunguka na kimelodi kimoja? Endelea na albamu hadi "Um Gosto de Sol". Wimbo ule unakwenda zake, na ukidhani umeisha, kile kimelodi cha piano kinarudi, safari hii kimebebwa na okestra ya nyuzi. Ukiwa na wimbo mmoja tu mkononi unapata nusu ya alichokifanya. Ningekushauri utumie nafasi mbili kwa jamaa huyu, wimbo mmoja ukae mwanzoni mwa orodha na mwingine karibu na mwisho, ili wenzako wakutane tena na kimelodi kile bila kuambiwa.

Kinanda

Naongeza dogo tu. "Mario" una zaidi ya dakika kumi, na kuna watu wanatuma vipande vilivyofupishwa. Hakikisha wako ni mzima. Pale wanapoacha kusimulia na magita yakaanza kufukuzana, hapo ndipo wimbo unapolipa subira yako.

Na nafasi ikibaki, mkumbukeni Francis Bebey wa Kamerun.

Sikio Wazi

Wakuu nimesikiliza "Um Gosto de Sol". Kile kimelodi kiliporudi nilisimama. Sikutegemea kabisa.

Nimeamua hivi kwa sasa: Takeuchi, "Cais", Mergia, Franco mzima mzima, Mdou Moctar, Emahoy, Aftab, Cesária, "Um Gosto de Sol", halafu Umm Kulthum anafunga. Hizo ni kumi. Kila moja nimeiandikia mwaka wake na ilivyonifikia, na penye jina la mtu aliyenielekeza nimeandika "kutoka kwa wadau", kwa kuwa ndiyo ukweli. Rafiki yangu nimemwambia atapata wawili wanaofanya kazi leo, na kwamba mwakani nitaanza kusikiliza matoleo mapya tangu Januari, siyo kungoja mwishoni. Amekubali, ila naye kaahidi kuniletea angalau mmoja wa zamani.

Kinanda, Bebey amenikosa kwa nafasi tu, lakini namtaka kwa ajili yangu. Nianzie wapi?

Kinanda

Anza na mkusanyiko wa *African Electronic Music 1975–1982*. Sikiliza "The Coffee Cola Song" kwanza, kwa hedfoni. Kuna filimbi yenye noti moja tu, na noti zinazokosekana anazijazia kwa mdomo wake mwenyewe, anapuliza na kuimba kwa kupokezana. Ukishaisikia hiyo, nenda "New Track", halafu urudi hapa utuambie.