Naombeni ushauri, kuni gani zinafaa kubanikia sangara?

Habarini za jioni ndugu zangu, naombeni msaada wenu hasa nyie mnaobanika samaki kila siku. Mimi niko Mwanza, nabanika sangara kwenye pipa lililokatwa, juu wavu chini kuni, vipande kama 20 kwa mara moja.

Mwanzo nilikua natumia mkaratusi maana huku ndo uko mwingi na bei yake nafuu, ila samaki wanatoka na harufu kama dawa ya kuchua kifua, wateja wawili wamenirudishia. Nikahamia mabanzi ya paina toka kwa wapasua mbao, hayo ndo balaa kabisa, moshi mweusi tii na masizi yananata kwenye ngozi ya samaki, ukifuta na kidole hayatoki. Mgunga kwa kupikia ugali hauna mpinzani lakini moto wake mkali mno, samaki anaungua nje huku kwenye mfupa bado mbichi, kesho yake anaanza kutoa maji.

Sasa kuna mzee mmoja kaniambia nitumie mwembe au mpera, eti rangi inatoka ya dhahabu. Mwembe nimepata ila bado mbichi, ukiupasua unatoa utomvu.

Naomba kujua, huo mwembe nikiupasua vipande vidogo nikauanika niusubiri mda gani ndo ufae? Na je naweza kuwasha mgunga mpaka ubaki makaa halafu juu niweke mpera kwa ajili ya moshi tu, au nitaharibu samaki? Mvua ziko karibu ndo maana nina haraka. Asanteni sana.