Kigoma mwisho wa reli: mliowahi kwenda kupumzika, tupeane uzoefu

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kila mtu akiuliza aende wapi kupumzika hapa nchini, majibu ni yale yale: Zanzibar, Bagamoyo, Arusha. Sina ugomvi na sehemu hizo. Ila mimi na mwenzangu tulifika mahali tunaamka tumechoka, na tulichotaka ni maji, utulivu, na mji ambao mtu anaumaliza kwa miguu. Tukaenda Kigoma. Tangu turudi nimesimulia mpaka ndugu zangu wamenichoka, ndiyo maana nimeona niandike hapa.

Kwa ambao hamjafika: mji umekaa kwenye ghuba ya Ziwa Tanganyika, vilima vimeuzunguka, na barabara ya Lumumba inateremka kutoka Mwanga mpaka kwenye stesheni ya zamani ya Mjerumani, karibu kabisa na maji. Ng'ambo ni milima ya Kongo. Tulipanga chumba kinachotazama ziwa, na siku za kwanza hatukwenda popote. Asubuhi chai barazani, maji yametulia kabisa, mtumbwi ukipita unasikia kasia. Mchana upepo unaingia na mawimbi yanaanza kupiga mawe. Jioni jua linazama upande wa Kongo, na giza likishaingia taa za wavuvi zinawaka moja moja mpaka ziwa linaonekana kama mji mwingine. Mwenzangu, ambaye kwa kawaida halali bila kushika simu, alikuwa analala saa tatu usiku.

Sasa nataka kusikia kwenu. Mlienda kwa treni au ndege? Gombe, ile hifadhi ya sokwe, inamfaa mtu aliyekuja kupumzika, au ni uchovu juu ya uchovu? Wenye watoto je, mliogelea?

Mwendapole

Asante kwa uzi huu mkuu. Mimi nilipanda treni ya kawaida ya reli ya kati, na nakuhakikishia mapumziko yangu yalianzia humo ndani. Kutoka Dar ni takribani kilomita 1,250, na treni haina haraka na mtu. Asiyetaka kukaa safarini zaidi ya siku nzima apande ndege tu. Ila ukipata behewa la kulala, ukabeba shuka lako, kitabu na maji ya kutosha, unafika umeshatulia. Ukichelewa kukata tikiti ya kulala utakaa kwenye kiti safari yote, na hapo habari inabadilika kabisa, kwa hiyo kata mapema.

Kilichonigusa ni vile nchi inavyobadilika dirishani. Dodoma kumekauka, Tabora miembe na asali inauzwa stesheni, kisha mnaingia mabonde ya Malagarasi, Uvinza kwenye chumvi, halafu vilima vinaanza na michikichi inaonekana. Watu ndani ya behewa nao wanabadilika. Tulipokaribia mwisho nilikuwa naamkiwa "mwakeye" na kina mama wa Kiha, nikafundishwa kuitikia.

Reli ile ilifika Kigoma mwaka 1914, na ndiyo iliyoleta ile meli ya Liemba. Wengi wanaipiga picha bila kujua habari zake. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku mpaka Dar, ikaja kwa reli na kuunganishwa tena hapo Kigoma. Ikashushwa majini 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha isichukuliwe na adui. Waingereza wakaiinua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Ukisimama bandarini ukijua hayo, huitazami kama chuma kikuukuu. Mimi nilikaa pale karibu asubuhi nzima na sikuona muda ukienda.

Mzawa wa Ujiji

Karibuni sana nyumbani. Nimefurahi mleta mada umetaja asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu ziwa letu lina saa zake na mgeni akizijua anapumzika vizuri zaidi.

Asubuhi ndiyo ya chombo. Ukitaka kuzunguka ghuba au kwenda mbali kidogo, ondoka mapema, mchana urudi nchi kavu. Kuanzia Mei hadi Septemba kuna kusi, upepo unaotoka kusini-mashariki, na ukikaza usidhani hili ni bwawa. Ziwa lina urefu unaozidi kilomita 650 na kina cha karibu mita 1,470, ni la pili duniani kwa kina. Mawimbi yake watu wa bahari huwa hawayategemei. Nahodha akisema leo hatutoki, usimbembeleze wala usimwongezee hela.

Zile taa za usiku nazo zina kalenda. Dagaa hufuata mwanga, kwa hiyo wavuvi wanatoka kipindi cha giza. Mwezi ukiwa mkubwa mwanga umesambaa kila mahali, taa hazina kazi, mitumbwi inabaki pwani na nyavu zinashonwa. Mgeni akija wakati wa mbalamwezi anasema tumemdanganya kuhusu taa! Tazama mwezi kabla hujapanga safari.

Jambo jingine: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti kwa makubaliano ya nchi nne zinazopakana na ziwa, yaani sisi, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Kama unakuja miezi hiyo, uliza kwanza mwaka huo mambo yakoje. Sisi wenyeji tuliumia mifukoni lakini mimi naunga mkono kabisa, maana mgebuka, yule samaki wetu mkubwa, anakula dagaa, na dagaa wakiisha kila kitu kinaisha.

Na Ujiji msiipite. Si mbali na mjini. Pale ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, kuna jumba la makumbusho na miembe. Lakini tembeeni na mitaani. Ujiji ilikuwa kituo cha mwisho cha misafara ya kutoka pwani, na mpaka leo ukisikia adhana, ukaona baraza za nyumba na wazee wanavyosalimiana, utajua mwambao ulifika mpaka huku. Mkifika, piteni kwa wazee, wasalimieni, mkae. Watawapa hadithi ambazo hazijaandikwa ukutani.

Mama Watatu

Kuhusu watoto na kuogelea nijibu mimi, nilikwenda na wanangu wote.

Maji ya Tanganyika ni maangavu jamani. Kwenye mawe wanangu walikuwa wanatumbukiza uso na miwani ya kuogelea wanaona samaki wa rangi: wa michirizi, wa njano, wa buluu. Ziwa hili lina aina zaidi ya mia mbili za samaki wa jamii hiyo, wanaoitwa sikilidi, na wengi wao hawapatikani penginepo popote duniani. Kijana wangu mkubwa, ambaye shuleni haipendi biolojia, alianza kuwachora kwenye daftari. Tulikwenda pale Jakobsen, ufukwe mdogo wenye mchanga, kuna utulivu, unabeba chakula chako na kushinda.

Lakini naomba wazazi msome hii sehemu taratibu. Kichocho kipo kwenye maziwa yetu. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono, na konokono hupenda maji ya kina kifupi yaliyotuama, yenye majani na matete, hasa karibu na makazi ya watu. Kwa hiyo sisi hatukuogelea penye majani wala penye watu wanafua, tulichagua penye mchanga na mawe na maji yanayochezacheza. Hata hivyo hiyo si kinga kamili. Wiki kadhaa baada ya kurudi niliwapeleka wote kupima. Dawa ipo, prazikwanteli, na haina gharama ya kutisha. Msikae mkisubiri mpaka mtoto akojoe damu.

Mamba nao wapo sehemu sehemu. Uliza wenyeji wa ufukwe huo huo unaoingia, si wa ufukwe wa jirani. Na jaketi okozi kwa kila mtoto kila mnapopanda chombo, hata kama ni mwendo wa dakika chache, hata kama watu wazima wote mle ndani hawajavaa. Mwenye boti mmoja aliniambia "mama, ziwa leo limelala". Nikamjibu wanangu hawapandi bila jaketi. Akaenda kuyatafuta, akayaleta.

Kandambili

Gombe: nenda. Sikubaliani na wanaosema ni uchovu juu ya uchovu.

Iko kama kilomita 16 kaskazini mwa mji na hakuna barabara, ni maji tu. Boti za abiria zinatoka Kibirizi, au mnakodi ya kwenu. Hifadhi ni ndogo, msitu unaanza pale pale ufukweni na kupanda mlimani. Jane Goodall alifika pale Julai 1960, na utafiti wa sokwe aliouanzisha unaendelea mpaka leo ingawa mwenyewe alifariki Oktoba 2025. Kuwafuata sokwe ni kazi ya miguu kweli, mlima ni mkali na njia zinateleza baada ya mvua. Lakini nilipomwona jike amekaa na mtoto wake, anamchambua manyoya taratibu, hana habari na sisi, nilitokwa na machozi na sioni aibu kulisema. Nilikuwa nimetoka kumuuguza mama yangu mwaka ule. Kukaa kimya mbele ya kiumbe anayemtunza mwenzake kulinitoa kitu kifuani.

Muda mnaokaa nao una kikomo, mnavaa barakoa na mnakaa mbali nao kwa sababu mafua yetu yanaweza kuwaua. Ukiwa na mafua hupandi, uwe mkweli tu kwa mwongoza wageni. Watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuata sokwe, kwa hiyo Mama Watatu mngegawana zamu. Hifadhi haipokei fedha taslimu, malizeni malipo mkiwa bado mjini penye mtandao. Na nyani wa pale ufukweni msiwaachie mfuko wazi.

Mama Watatu

@Kandambili pole sana kwa mama. Umenishawishi. Mume wangu atabaki na watoto majini, mimi napanda.

Baharia wa Nchi Kavu

Niwe tofauti kidogo. Mimi Kigoma nilikaa, nikaona pazuri, lakini siku za katikati nilihisi nimeishiwa. Hakuna sehemu nyingi za kutoka usiku, umeme ulikatika mara kadhaa nilipokuwa pale, na kiangazi ile hali ya moshi na vumbi ilificha milima ya Kongo karibu muda wote. Picha nilizoziona mitandaoni sikuziona kwa macho. Rafiki yangu alikwenda Bukoba kipindi hicho hicho akarudi anaisifu, kijani kila kona na kahawa ya kutafuna. Kila mtu na ziwa lake, lakini wanaokuja wajue kwamba huku starehe ni chache.

Mleta mada

Mkuu Baharia, umefanya vizuri kusema, maana anayetafuta muziki na pilikapilika atasikitika kweli. Kuhusu milima: sisi tulikwenda mvua zilipokuwa zinakaribia kuisha, ikinyesha usiku asubuhi hewa imeoshwa, unahesabu mabonde ng'ambo. Tulilowa mara mbili tatu, si neno. Halafu kile unachokiita kuishiwa sisi ndicho tulichokifuata. Siku ambayo hatukuwa na la kufanya ndiyo tuliyozungumza mambo ya nyumba yetu ambayo tulikuwa tunayakwepa mwaka mzima. Kama mngetupangia ratiba ya kutembezwa kila siku tusingeyagusa.

@Mzawa wa Ujiji, swali: shemeji yangu anataka kwenda na ana likizo mwezi wa tano au wa tisa. Umshauri upi? Na dagaa wa kubeba anunue wapi?

Mzawa wa Ujiji

Wa tisa. Mwanzo wa Mei ni pazuri, kijani bado kipo, lakini katikati ya mwezi anaweza kukutana na kufungwa kwa uvuvi, akala kuku ziwani. Septemba uvuvi unakuwa umerudi, na sokwe ni rahisi kuwafikia kwa sababu njia zimekauka. Milima ya Kongo hataiona vizuri, hilo Baharia kasema kweli, na mchana kusi bado lipo, kwa hiyo safari za maji azimalize asubuhi. Achague wiki ya giza ili aone taa.

Dagaa asinunue wa kwanza kumwona. Aulize waliokaushwa juu ya chanja, si wale walioanikwa mchangani, kwa sababu hao ukitafuna unasikia chenga. Aliyekaushwa vizuri anang'aa kama fedha, amenyooka, hana harufu ya kuchachuka. Achukue na chupa ya mawese, ila aifunge mara mbili, ikimwagikia nguo hayatoki. Kabla ya kununua aonje wakipikwa pale pale na ugali wa muhogo. Mgebuka aule wa kuchoma, wa siku hiyo hiyo, jioni wanapoletwa.